Kupaka Rangi Roli Keji Iliyochomelewa Ndani ya Gari: Mwongozo Kamili wa Kufanya Mwenyewe

Fundi aliyechomelea roli keji, yaani fremu ya paipu za chuma inayolinda watu gari likibingirika, akikusanya nyaya zake na kuondoka, ndani ya gari hubaki paipu zenye mafuta ya kiwandani, mishono iliyozungukwa na weusi wa moto, na sakafu iliyoungua rangi juu na chini. Wengi huwa na haraka ya kurudisha siti na mikanda, kisha keji inapigwa kopo moja la rangi ya kupuliza usiku wa kuamkia mashindano. Rangi ya namna hiyo haishiki. Msimu mmoja wa mvua ukipita, inainuka vipande vipande kuanzia miguuni mwa keji, na ukiikwangua unakuta kutu imeanza kula pale pale paipu inaposhikana na bodi. Hapo ndipo nguvu zote hupita gari likibingirika. Kwa hiyo hii ni kazi ya usalama kwanza, urembo baadaye.

Ninayoieleza hapa ni keji ya gari la rali la klabu, tuseme Subaru Impreza ya zamani, iliyochomelewa moja kwa moja kwenye bodi. Kazi unaifanya uani au bandani, bila chumba cha kupulizia rangi. Keji ya kufunga kwa bolti haina shida hizi, kwa sababu unaifungua na kuipaka ikiwa nje. Tenga wikendi mbili, na usipange mashindano wiki inayofuata.

Paka kwa brashi, usipulize

Huu ndio ushauri wangu mkuu, na mafundi rangi wengi watabisha. Bunduki ya rangi inataka nafasi ya kurudi nyuma na kusogea kwa mwendo ulio sawa. Ndani ya gari huna nafasi hiyo. Paipu ya juu iko upana wa vidole viwili kutoka kwenye paa, ya mbele imelala kwenye nguzo ya kioo, na za mlangoni zinakatana. Ukipuliza, upande unaouona unapata rangi nzuri na upande wa nyuma unapata vumbi la rangi tu. Kutu haichagui upande unaoonekana.

Sababu ya pili ni mapafu yako. Rangi nyingi za magari za pakiti mbili huchanganywa na hadina (kioevu cha kugandishia rangi) yenye aisosayaneti. Kemikali hiyo ikivutwa kama ukungu inaweza kukuachia pumu ya maisha, na haina harufu ya kukuonya kwamba barakoa yako imeacha kuchuja. Karakana zinazojali mafundi wao huwavisha barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Barakoa ya vichujio haitoshi kwa kazi hiyo, na ndani ya gari ukungu hauna pa kwenda. Kama lazima keji ipulizwe, ipeleke kwenye karakana yenye vifaa hivyo.

Brashi nzuri ya inchi moja na rola ndogo ya sponji ya inchi mbili huacha rangi nene kuliko bunduki, na rangi nene ndiyo unayoitaka kwenye chuma kinachopigwa na mawe, buti na spana. Alama za brashi kwenye paipu ya duara hazionekani sana. Rangi ikiwa na ulaini wake, hujinyoosha yenyewe kabla ya kukauka.

Mkaguzi aone kwanza

Kabla ya tone la kwanza la rangi, keji ionwe na mkaguzi wa chama cha magari cha nchi yako ikiwa bado chuma kitupu. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, Kiambatisho J, kifungu cha 253, zinataka tao kuu, lile la nyuma ya siti za mbele, liwe la paipu ya chuma cha kaboni isiyo na mshono, iliyovutwa baridi, yenye kipenyo cha angalau 45 mm na unene wa 2.5 mm, au 50 mm kwa 2.0 mm. Paipu nyingine nyingi zinaruhusiwa kuwa 38 mm kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Weldi lazima izunguke paipu yote. Mkaguzi hawezi kuona vizuri mshono uliofunikwa na praima (rangi ya msingi), na ana haki ya kukuambia uikwangue. Piga picha kila mshono, hasa ule wa juu karibu na paa, uzihifadhi na karatasi za gari.

Kama keji ina bamba dogo au stika ya utambulisho, ifunike kwa tepu sasa hivi. Ikipotea chini ya rangi, utapata taabu kuthibitisha keji ni ya nani na ilitengenezwa lini.

Hapa kuna mambo mawili ambayo sitayalegezea. Mshono wa weldi usisagwe kwa grinda ili uwe laini, kwa sababu unachosaga ndicho kinachoshikilia paipu. Na puti, ile ya kuzibia mashimo ya bodi, isiguse keji mahali popote. Puti huficha ufa. Weldi ikiwa na shimo au imekatika, mrudishe fundi aichomelee upya. Ukimrudisha baada ya kupaka utalazimika kukwangua rangi yote iliyo karibu, maana rangi ikiungua moshi wake una sumu, na kama praima ina zinki, fundi anaweza kushikwa na homa usiku huo huo.

Rangi gani, na kiasi gani

Chagua kijivu cha kung'aa kidogo, au cheupe kilichofifishwa. Rangi ya mwanga huonyesha ufa, kwa sababu ufa kwenye keji huanza kama mstari mwembamba wa kahawia pembeni mwa weldi, na mstari huo ukiwa juu ya rangi nyeusi hauonekani. Inasaidia pia mkitengeneza kitu ndani ya gari usiku kwa tochi ya kichwani. Ila paipu za mbele, zile za nguzo ya kioo na iliyo juu ya dashibodi, zipewe rangi isiyong'aa kabisa. Jua la saa kumi jioni likigonga paipu nyeupe ya kung'aa, dereva anaona keji kwenye kioo badala ya barabara.

Kwa pwani, yaani Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, nunua praima ya epoksi ya pakiti mbili. Hewa ya chumvi haina subira na praima nyepesi. Bara, praima ya zinki fosfeti inatosha. Ile nyekundu ya redoksaidi inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi ni ya mwisho kwenye orodha yangu. Inashika vizuri, lakini hukauka taratibu na haipatani na kila rangi ya juu.

Kupatana ndiko kunakowaponza watu. Rangi ya mafuta inayoyeyushwa kwa tapentaini unaweza kuiweka juu ya epoksi iliyokauka bila tatizo. Kinyume chake ni balaa: weka rangi yenye thina kali ya NC (nitroselulosi) juu ya praima ya mafuta, na praima itakunjamana mbele ya macho yako. Praima ya asidi chini ya epoksi nayo mara nyingi huleta ugomvi. Kwa hiyo nunua praima na rangi ya juu za kampuni moja, na muuzaji akuonyeshe kwenye maandishi ya kopo kwamba zinakwenda pamoja. Nairobi utazipata Barabara ya Kirinyaga, Dar es Salaam maduka ya Gerezani.

Kiasi si kikubwa. Mita moja ya paipu ya milimita 45 ina eneo la takriban mita za mraba 0.14. Keji yenye mita 30 za paipu haifiki mita za mraba 4.5. Lita moja ya rangi ya mafuta kwa kawaida hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja (tabaka moja), hivyo lita moja ya praima na lita moja ya rangi zinatosha mikono miwili kila moja, na kinachobaki ni cha kurekebishia baadaye.

Toa kila kitu

Toa siti, mikanda, kapeti, dari, plastiki za nguzo na, ukiweza, dashibodi. Kufunika dashibodi kwa magazeti kunaonekana kama njia ya mkato, lakini ndiko kunakoacha nusu ya paipu ya mbele bila rangi. Nyaya zilizofungwa kwenye keji zifungue zote. Kitu kikikaa juu ya paipu kwa tepu, chini yake hukaa maji.

Fungua betri uitoe garini. Kama gari bado lina mifuko ya hewa, zima mfumo huo kwa utaratibu wa mtengenezaji kabla ya kugusa waya zake. Tangi la petroli na mipira yake visiwe na uvujaji wowote. Kizimamoto cha gari kifungwe kwa pini, midomo yake ifunikwe, na kizimamoto kingine kiwe karibu na mkono wako, nje ya mlango. Ondoa milango kama bawaba zinaruhusu, kwa sababu hewa na nafasi ya kiwiko ni sehemu ya ubora wa kazi.

Baada ya hapo funika sakafu, waya na vioo kwa nailoni na tepu ya karatasi. Tepu hiyo usiiache juani siku nyingi, gundi yake itahamia kwenye kioo.

Safisha kabla ya msasa

Mpangilio ni huu: mafuta kwanza, msasa baadaye. Paipu za kuvutwa baridi hutoka kiwandani na mafuta. Ukianza na msasa unayasugua mafuta hayo ndani ya mikwaruzo, na hakuna praima itakayoyashinda. Futa kila paipu kwa kitambaa chenye thina ya kusafishia na ufuatishe kingine kikavu kabla haijakauka, maana thina ikikauka yenyewe huacha mafuta pale pale. Badilisha vitambaa mara kwa mara. Gari lililowahi kupakwa dawa ya kung'arisha dashibodi lina silikoni kila mahali, nayo hufanya rangi ikimbie na kuacha vishimo vidogo vya duara. Sakafu na nguzo zifutwe pia, si keji peke yake.

Kisha mishono. Weldi ya MIG, ya waya na gesi, huacha madoa madogo ya kahawia yanayong'aa juu ya mshono, na vichembe vya chuma vilivyorukia pembeni. Madoa hayo ni magumu na laini, rangi haishiki juu yake, na baada ya miezi hubanduka na rangi yake. Yagonge kwa ncha ya patasi ndogo, kisha sugua kwa brashi ya waya mpaka mshono wote uwe na rangi moja ya kijivu. Vichembe vikwangue kwa patasi. Vaa miwani. Weusi wa moto ulio sentimita chache pande zote mbili za mshono uondoke wote, kwani ni hapo kutu huanzia.

Msasa wa kazi hii ni wa kitambaa, namba 80, halafu 120. Kata utepe wa upana wa vidole viwili, uzungushe nyuma ya paipu, uvute huku na huku kama anayeng'arisha kiatu. Kwa njia hiyo unafika nyuma ya paipu iliyokaribia paa bila kuiona. Shika kioo kidogo na tochi kila baada ya nusu mita. Chuma cha kung'aa sana hakifai. Unataka kijivu chenye mikwaruzo ya kushikilia rangi. Ukikuta kutu iliyochimba, tumia dawa ya asidi ya fosforiki, kisha ioshe na kuikausha kabisa kama maelezo yake yanavyotaka, kwa sababu epoksi haipendi mabaki ya asidi.

Nyonya vumbi lote kwa mashine, futa tena kwa thina, na kuanzia hapo usishike chuma bila glovu.

Miguu ya keji na upande wa chini

Sehemu hii inasahaulika kuliko zote, nami ningeipa siku nzima. Kila mguu wa keji umechomelewa kwenye bamba, na bamba limechomelewa sakafuni au kwenye boksi la chini ya mlango. Moto wa weldi umeunguza rangi na lami ya kuzuia kutu upande wa pili pia. Ingia chini ya gari: chini ya kila mguu utaona duara lililobadilika rangi. Likwangue mpaka chuma, lipakwe praima na rangi sawasawa na keji yenyewe, halafu urudishie lami.

Ndani ya boksi hufiki kwa brashi. Huko tumia nta ya kuzuia kutu, ya kupuliziwa kwa mrija mrefu kupitia matundu ya boksi, lakini iwe kazi ya mwisho kabisa, rangi ikishakauka, kwa sababu nta ikigusa chuma kisichopakwa hutapaka tena hapo.

Kingo za bamba, mahali ambapo weldi haikufunga mwanya dhidi ya sakafu, zizibwe kwa silanti ya mishono ya bodi ya gari baada ya praima na kabla ya rangi. Usitumie silikoni ya bafuni. Usizibe wala usiguse kwa silanti mshono unaounganisha paipu na bamba. Huo uachwe uonekane. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, wengi waliona kwa mara ya kwanza vumbi laini la fesh-fesh linavyomeza magurudumu. Vumbi hilo huingia ndani ya gari, hutuama kwenye pembe za mabamba, na mvua ikinyesha linageuka tope linaloshika maji kwa siku nyingi. Mwanya wa unene wa karatasi unatosha kuozesha mguu wa keji kutoka chini.

Praima

Chuma kitupu kisilale. Pwani kinaweza kupata kutu nyepesi usiku mmoja, kwa hiyo praima ipakwe siku ile ile, ndani ya saa chache baada ya kufuta mara ya mwisho. Anza asubuhi umande ukishakauka, umalize kabla jioni haijaanza kupoa. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85, ahirisha. Chuma chenyewe kiwe na joto la angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango ambacho umande huanza kutunga. Kama hupimi, pitisha kitambaa chenye maji kidogo kwenye paipu: maji yakikauka ndani ya robo saa, endelea.

Changanya epoksi kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, kwa kipimo wala si kwa jicho, na changanya kidogo kidogo kwa sababu ikishakutana na hadina haikusubiri. Vaa glovu za nitraili. Epoksi ikigusa ngozi mara kwa mara huleta upele usioisha. Barakoa ya vichujio vya mvuke ni lazima hata kwa brashi, na feni isiyotoa cheche ivute hewa kutoka ndani kwenda nje. Feni ya kawaida yenye cheche ikae mbali na mlango, isukume hewa safi kuingia upande mmoja itokee upande wa pili.

Mkono wa kwanza kabisa ni wa mishono peke yake. Chukua brashi, isukumie praima kwenye kila kona ya weldi, kila kingo ya bamba, kila mahali paipu mbili zinapokutana, kwa sababu rangi ikikauka hujivuta na kuwa nyembamba kwenye kingo. Kisha paka paipu nzima ukianzia juu kushuka, nyuma kuja mbele, ili usijifungie ndani na rangi mbichi. Nyuma ya paipu za paa tumia brashi ya mpini uliopinda. Ukiikosa, funga brashi fupi kwenye ukanda wa bati nene uliokunja mwenyewe. Mahali ambapo hata hiyo haiingii, vuta utepe wa sponji wenye praima kama ulivyovuta msasa.

Weka mikono miwili, ukifuata muda wa kopo kati ya mkono na mkono. Ukipitisha muda huo, lazima upige msasa kabla ya kuongeza, la sivyo mkono wa pili utakaa juu bila kushika.

Rangi ya juu

Praima ikikauka, ipitishe msasa wa namba 320 kwa mkono mwepesi, uondoe vumbi na michirizi. Ukitoboa hadi chuma, rudishia praima hapo. Futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Paka kwa rola vipande vifupi vya sentimita 30, ufuatishe brashi kavu kulainisha, mwelekeo mmoja. Mikono miwili myembamba inashinda mmoja mnene, ambao hukauka juu na kubaki laini chini kwa wiki. Angalia upande wa chini wa paipu za mlalo baada ya dakika kumi, michirizi hujikusanya huko. Matundu ya bolti za mikanda, pamoja na nyuzi za kukazia bolti, yabaki yamezibwa kwa tepu. Rangi ndani ya nyuzi hukudanganya kwamba bolti imekaza.

Vitambaa vilivyolowa rangi ya mafuta usivikunjie kwenye pipa. Vinaweza kujipasha moto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje vikauke au vitie kwenye ndoo ya maji.

Kurudisha vitu na ukaguzi wa baadaye

Rangi kushikika bila kunata si kukauka. Ipe wiki nzima kabla ya kufunga sponji za kinga, mikanda inayozungushwa kwenye paipu au vibanio vya nyaya, kwa maana vyote hukandamiza na kuacha alama zinazofika hadi kwenye praima. Sponji ziwe zile zilizotengenezwa kwa keji na zisizoshika moto kirahisi. Pale kofia inapoweza kugonga, FIA inataka za kiwango cha 8857-2001. Zile za kufunikia paipu za maji ya moto ni laini mno na huwaka.

Baada ya kila mashindano, osha miguu ya keji, ikaushe, na upitishe tochi kwenye kila mshono. Rangi iliyokwaruzwa na buti au spana ikwanguliwe kwa msasa, iguswe praima na rangi siku hiyo hiyo. Lakini ukiona rangi imepasuka kwa mstari unaofuata ukingo wa weldi, usiipake. Kwangua sentimita tano kila upande mpaka chuma, tumia dawa ya kupenya ya kutafutia nyufa, na gari lisikimbie mpaka fundi na mkaguzi wote wawili wauone mshono huo ukiwa wazi.